Ujerumani kuzima vinu vyote vya nyuklia: sera ya nishati au woga tu?

#1 Mwanga_Hafifu
Wakuu, salaam.
Tarehe 15 Aprili 2023 Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho: Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2. Vyote vilikuwa vinafua umeme bila moshi. Siku hiyohiyo mitambo ya makaa ya mawe iliendelea kuunguza kama kawaida, na sheria yao ya mwaka 2020 inairuhusu kuendelea hadi 2038. Yaani wa kwanza kutimuliwa ni yule asiyetoa kaboni!
Hoja yangu fupi: hiyo si sera ya nishati, ni woga uliopewa jina la sera. Mwenye maelezo mengine ayalete, ila aje na tarehe na takwimu, mahaba aache nyumbani.

#2 Kijiti
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi endeleeni.

#3 BintiFizikia
Mkuu #1, woga wa lini huo? Mnaongea kana kwamba Ujerumani ililala salama ikaamka Machi 2011 baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ikapiga kelele. Sheria ya kwanza ya kuondoa nyuklia ni ya 2002, chini ya serikali ya chama cha SPD na chama cha Kijani. Alichofanya Kansela Merkel mwaka 2010 ni kuviongezea vinu maisha, wastani wa miaka 12 hivi. Miezi michache baadaye Fukushima ikatokea, akarudi kwenye ratiba inayofanana na ile ya zamani. Kwa hiyo mwaka 2011 hakukuzaliwa sera mpya, ila mchepuko ulifutwa.

#4 Mzee_wa_Kanuni
Binti, uko sahihi kwenye tarehe ila umeruka uchaguzi. Katikati ya Machi 2011 Merkel alitangaza kusimamisha vinu vikongwe. Tarehe 27 mwezi huohuo Baden-Württemberg ilikuwa inapiga kura, jimbo lililoshikwa na chama chake kwa zaidi ya nusu karne. Na bado Kijani walilichukua. Mwanamama ana udaktari wa sayansi, hesabu za hatari alizijua vizuri mwaka 2010 na alizijua vilevile 2011. Kilichobadilika ni hesabu za kura.

#5 Sulubu
Nyongeza kwa #1: unasema makaa yaliendelea "kama kawaida". Si kweli. Umeme wa makaa Ujerumani ulishuka sana mwaka huohuo wa 2023, na jua, upepo na wenzao wakapita nusu ya matumizi yote ya umeme. Kama kuzima nyuklia kulikuwa kuyapisha makaa, mbona makaa nayo yalirudi nyuma?

#6 Mwanga_Hafifu
Sulubu, yalirudi nyuma kwa sababu viwanda vilipunguza uzalishaji baada ya gesi kupanda bei, na kwa sababu mwaka huo walinunua umeme mwingi nje kuliko waliouza. Jiulize swali moja tu: vile vinu vitatu, vilivyokuwa vinatoa kama 6% ya umeme wao mwaka 2022, vingebaki, makaa yasingeshuka zaidi?

#7 Sulubu
Yangeshuka zaidi, hilo sibishi. Ila maneno yako ya awali yalikuwa "kama kawaida". Hapa tunasoma kilichoandikwa, mkuu.

#8 Hesabu_Kali
Mnazungushana. Nyuklia inauawa na gharama, siasa ni mpambe tu. Kinu cha Flamanville 3 cha Ufaransa kilianza kujengwa 2007, kikaunganishwa kwenye gridi Desemba 2024. Olkiluoto 3 ya Finland ilianza 2005, ikaingia uzalishaji wa kawaida 2023. Kule Marekani, Vogtle 3 na 4 zimemaliza zaidi ya dola bilioni 30 zote mbili, zaidi ya mara mbili ya makisio ya mwanzo. Ndani ya muda huo bei ya paneli za jua imeporomoka mpaka sasa zinafungwa kila paa. Mwenye benki haogopi mionzi, anaogopa riba ya mkopo wa mradi usioisha.

#9 Mwanga_Hafifu
#8 hoja nzuri kwa uzi mwingine. Hivyo ni vinu VIPYA. Nazungumzia vinu vilivyokwisha kujengwa, vilivyokwisha kulipiwa, ambavyo kazi iliyobaki ni kuviwekea mafuta na kuvikagua. Gharama ya kujenga haiwezi kuwa sababu ya kubomoa.

#10 Hesabu_Kali
Kuvikagua nako si bure. Waulize Wafaransa. Mwishoni mwa 2021 walianza kugundua nyufa za kutu kwenye mabomba ya baadhi ya vinu, mwaka 2022 wakasimamisha vingi kwa ukaguzi, vingine vikawa kwenye matengenezo ya kawaida. Kati ya vinu 56, kuna kipindi karibu nusu vilikuwa havizalishi. Nchi iliyozoea kuuzia majirani umeme ikamaliza mwaka ikiwa mnunuzi. Vinu vya aina moja vina raha yake: ukijua kimoja umevijua vyote. Siku ugonjwa ukiingia, nao unavijua vyote.

#11 MpimaMita
Kurasa nzima mnagombania mtambo upi ubaki, hakuna aliyeuliza umeme wenyewe unakwenda wapi. Niwape cha kazini kwangu.
Nasimamia matengenezo ya jengo la ofisi, silitaji. Tulipofunga mita inayoandika matumizi kila robo saa, mchoro wa usiku ulikuwa unakaribiana na wa mchana. Jengo tupu! Tukapita na tochi. Pampu ya maji ya viyoyozi inasukuma maji baridi kwenye ghorofa ambazo hata mlinzi hafiki. Feni za maegesho ya chini zinazunguka bila gari hata moja. Swichi ya saa ya pampu, ile ya kuwasha na kuzima yenyewe, ilikuwa imebandikwa utepe mweusi isiguswe, imewekwa "washa" moja kwa moja, kwa sababu bosi fulani aliwahi kuja siku ya mapumziko akakuta joto. Tulibandua utepe. Mtambo wa kwanza wa kujenga ni huo, na hauhitaji tathmini ya tetemeko.

#12 Profesa_wa_Mlimani
#11 nakuheshimu, ila msome Jevons, mchumi wa Uingereza. Mwaka 1865 aliwaambia Waingereza kwamba injini ya mvuke inayotumia makaa kidogo haitapunguza makaa, itayaongeza, kwa sababu kazi nyingi zaidi zitafanyika kwa mvuke. Taa za LED ndiyo mfano wa leo: zinakula umeme kidogo mno, na picha za setilaiti za 2012 hadi 2016 zilionyesha eneo la dunia linalomulikwa usiku likiongezeka kama 2% kwa mwaka. Unachookoa kwenye balbu unakipeleka kumulika ukuta.

#13 MpimaMita
Prof, pampu yangu ilipozimwa usiku hakuna aliyekimbia kununua pampu ya pili ili aiwashe usiku. Jevons anafanya kazi pale ambapo mtu alikuwa na kiu ya matumizi akazuiwa na bei. Upotevu hauna kiu.

#14 Dada_Sera
Na friji je? Katikati ya miaka ya 1970 friji mpya Marekani ilikuwa inakula kama uniti 1,800 kwa mwaka. California, iliyounda tume yake ya nishati kwa sheria ya 1974, ikaanza kuweka viwango, mwanafizikia Art Rosenfeld na wenzake wakilisukuma jambo hilo kwa hesabu. Baadaye viwango vikawa vya nchi nzima. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 friji mpya ilikuwa karibu na uniti 500, nayo ni KUBWA kuliko ya zamani. Kwa nadharia ya Prof #12 kila nyumba ingepaswa kuwa na friji nne.
Hiyo ndiyo sera nzuri kwangu: mwananchi hahimizwi chochote, hapewi semina, friji mbovu haipo dukani basi. Kampeni za "zima taa utokapo" zinasahaulika wiki inayofuata.

#15 Kijiti
Dada, usisahau lebo za Umoja wa Ulaya. Daraja likaanzia A mpaka G. Vyombo vikawa bora, badala ya kukaza daraja wakabuni A+, A++, A+++. Machi 2021 wakarudisha A mpaka G, friji iliyokuwa na plasi tatu ikaamka asubuhi ni D. Haijafanya kosa lolote, imeshushwa cheo tu 😂

#16 Dada_Sera
😂 Ila ndivyo inavyotakiwa. Wajapani tangu 1998 wana mpango wa kuchukua chombo bora kilichopo sokoni na kukifanya kiwe ndiyo kipimo ambacho wengine wote wakifikie baada ya miaka kadhaa. Daraja linasogea lenyewe, hakuna wa kulilia plasi zake.

#17 Sulubu
Na sera zinazodhaniwa zinaokoa kumbe hola. Kusogeza saa mbele majira ya joto: Indiana, Marekani, walianza kulitekeleza jimbo zima mwaka 2006, watafiti wakapata kipimo safi cha kabla na baada. Umeme wa majumbani ULIPANDA kama 1%. Taa zilipungua kidogo, viyoyozi vikala yote na ziada. Mpaka leo kuna viongozi wanaitetea kwa jina la kuokoa nishati.

#18 Zamu_ya_Usiku
Nirudi kwenye usalama, maana kichwa cha uzi kina neno "woga". Niko chumba cha udhibiti cha kituo cha umeme wa maji, nyuklia siijui kwa mikono. Ila ajali ya kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, ya Machi 28, 1979 kila mtu wa kazi yetu huhadithiwa, na sababu ni taa moja.
Vali ya kupunguza mgandamizo ilifunguka kama ilivyopaswa, ikatakiwa kujifunga, ikakwama wazi. Kwenye paneli taa ilizimika. Waendeshaji wakasema vali imefungwa. Taa ile haikuwa inaonyesha vali iko wapi. Ilionyesha tu kama umeme wa kuifungua umekatwa. Maji ya kupoza yakavuja kwa zaidi ya saa mbili, na wao, wakidhani mfumo umejaa maji kupita kiasi, wakapunguza pampu za dharura. Sehemu kubwa ya kiini cha kinu, penye mafuta ya nyuklia, ikayeyuka.
Kwetu, lango la maji lina taa ya amri na taa ya hali halisi, na kijana mgeni huachwi peke yake mpaka uonyeshe unajua ipi ni ipi. Haikuja hivyo kwa bahati.

#19 BintiFizikia
Asante #18. Na kinachouma ni kwamba Septemba 1977 vali ya aina hiyohiyo ilikwama wazi kituo kingine, Davis-Besse, Ohio. Waendeshaji wakashtuka mapema wakaizuia. Funzo lilikuwepo kwenye makaratasi, halikuwafikia wa Three Mile Island. Baada ya ajali viwanda vya nyuklia Marekani vikaunda taasisi yao ya kukaguana na kupashana habari. Kwa maoni yangu usalama wa nyuklia ni barua kufika kwa wakati, zege linafuata.

#20 Mzee_wa_Kanuni
Zege linafuata? Chernobyl isingekuwa Chernobyl kama ingekuwa na jengo la zege la kuzuia mionzi kama la Three Mile Island. Kiini kiliyeyuka Pennsylvania, nje kukatoka kidogo. Kule Chernobyl, kwa Wasovieti, Aprili 26, 1986 paa liliruka. Tatizo kule lilikuwa wafanyakazi kuvunja taratibu ili kukamilisha jaribio la usiku.

#21 BintiFizikia
Mzee wangu, hayo ni maelezo ya 1986. Jopo la usalama la Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilitoa ripoti ya kwanza mwaka huo, ikiegemea taarifa za Wasovieti, mzigo ukawaangukia waendeshaji. Mwaka 1992 jopo hilohilo likatoa ripoti mpya iliyoupeleka uzito kwenye ubunifu wa kinu. Fimbo za kudhibiti, zile zinazoshushwa ndani ya kinu kupunguza nguvu, zilikuwa na ncha za grafiti: ukibonyeza kitufe cha dharura fimbo zishuke zote, sekunde za mwanzo nguvu ya kinu inaweza kuongezeka chini badala ya kupungua. Jambo hilo lilishaonekana Ignalina, Lithuania, mwaka 1983. Waendeshaji wa Chernobyl hawakuelezwa. Unamlaumuje dereva kwa breki ambayo fundi anajua inaongeza mwendo?

#22 Mzee_wa_Kanuni
Breki mbovu na mwendo wa kichaa vinaweza kukaa kwenye gari moja, binti yangu. Walikiendesha kinu kikiwa na fimbo chache mno ndani. Ripoti ya 1992 haikuwasafisha kabisa, iligawa mzigo.

#23 Mwanga_Hafifu
Sasa mnanisaidia. Kinu cha aina ile Ujerumani hawakuwa nacho. Na tsunami haifiki Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Woga wa nini?

#24 Zamu_ya_Usiku
#23 Fukushima haikuwa tsunami tupu. Tetemeko lilipopiga Machi 11, 2011 vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vilijizima vyenyewe, jenereta za dizeli zikawaka. Wimbi la kama mita 14 likaja, wakati ulinzi ulipangwa kwa mita 6 hivi. Jenereta nyingi na makabati ya swichi vilikuwa chini kwenye ghorofa za ardhini. Vikazama. Jenereta moja ya kinu namba 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa kwenye jengo la peke yake juu kidogo, ilipona, na ndiyo iliyookoa namba 5 na namba 6. Kituo kilekile, siku ileile.
Halafu nenda Onagawa, karibu zaidi na kitovu cha tetemeko. Kituo kilijengwa kwenye kimo cha karibu mita 15, wimbi likaishia chini kidogo ya hapo. Wanavijiji waliopoteza nyumba walikwenda kujihifadhi NDANI ya eneo la kituo cha nyuklia.
Kampuni yenye Fukushima ilikuwa na hesabu zake za 2008 zinazosema wimbi laweza kupita mita 15. Zikakaa. Tume huru ya bunge la Japani mwaka 2012 iliiita ajali iliyosababishwa na binadamu, na ikasema msimamizi alikuwa ameshikwa na wale anaowasimamia. Hilo halihitaji bahari, laweza kutokea Bavaria.

#25 Eksirei
Naomba niingie. Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei hospitali. Kifuani nina kibeji cha kupimia mionzi, kinakusanywa, kinasomwa, karatasi inarudi na namba za kuchosha. Wagonjwa wanakiona wananiuliza kama nitakufa lini. Binadamu wa kawaida anapata wastani wa milisivati 2.4 za mionzi kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na mwili wake mwenyewe, hakuna anayeuliza.
Fukushima, kifo ambacho serikali ya Japani imekihusisha na mionzi ni kimoja. Vifo vilivyohusishwa na kuhamishwa na maisha ya ukimbizi mkoani humo vinazidi 2,000, wengi wazee, wakiwemo waliotolewa hospitali na nyumba za kulelea. Kwa hiyo #1 ana hoja: woga nao unaua. Sera ya usalama inatakiwa ijue pia lini USIMHAMISHE mtu.

#26 Sulubu
Eksirei, usingewahamisha siku ile, na jengo la kinu namba 1 limeshalipuka, halafu upepo ukageukia bara, tungekuwa tunasoma uzi mwingine kabisa. Hesabu ya vifo baada ya kuhama haiwezi kujibu ingekuwaje kama wangebaki.

#27 Eksirei
Kuhama siku za kwanza sipingi. Miaka waliyowekwa nje ndiyo nainyooshea kidole.

#28 Dada_Sera
Na mnasahau walichofanya Wajapani majira yale ya joto. Vinu vinazimwa kimoja baada ya kingine, serikali ikawataka watumiaji wakubwa wa Tokyo na Tohoku wapunguze 15% ya kilele, kisheria. Viwanda vikahamishia zamu wikendi, ngazi za umeme zikasimamishwa. Giza halikuwaangukia. Mei 2012 vinu vyote vya Japani vilikuwa vimezimwa na nchi ikaendelea. #11 ana mashahidi.

#29 Hesabu_Kali
Iliendelea kwa gesi iliyoagizwa kwa meli, dada. Bili ya gesi ile ndiyo iliyowarudisha mezani kuviwasha tena.

#30 Kijiti
Wenye kushinda kwa ubahili ni Austria. Walijenga kituo cha Zwentendorf mpaka kikaisha, Novemba 5, 1978 wakapiga kura kikiwa tayari: 50.5% wakakataa. Hakijawahi kuwashwa hata siku moja. Vipuri vikaenda kwenye vinu ndugu vya Ujerumani, wafanyakazi wa nchi nyingine wakaenda kujifunzia humo, na baadaye wakafunga paneli za jua. Kituo salama kuliko vyote duniani 😂

#31 Mwanga_Hafifu
Kura ya nusu asilimia, halafu miaka iliyofuata wakajenga mitambo ya makaa. Umenipa ushahidi bila kujua.

#32 Profesa_wa_Mlimani
Wenye woga mna swali moja halijaguswa: taka. Finland imechimba Onkalo, mita zaidi ya 400 ndani ya mwamba, mafuta yaliyotumika yatakaa ndani ya makopo ya shaba yaliyozungushiwa udongo wa mfinyanzi. Kilichowezesha ni sheria yao: halmashauri ya eneo ina haki ya kukataa, na serikali haiwezi kuupindua uamuzi wake. Halmashauri ya Eurajoki ilikubali mwaka 2000, bunge likaridhia 2001. Marekani bunge liliamua mwaka 1987 kwamba pa kuzika ni Yucca Mountain pekee, jimboni Nevada, Nevada wakapinga tangu siku hiyo, na hakuna kopo hata moja lililozikwa pale. Aliyepewa nafasi ya kukataa alikubali.

#33 Hesabu_Kali
Eurajoki tayari wana vinu, kodi na ajira zake. Si mapenzi ya sheria pekee, Prof.

#34 Nguzo_ya_Gridi
Nimesoma mpaka hapa, mnaongea kama umeme ni ndoo za maji, ukiondoa ndoo ya nyuklia unaweka ya jua. Hispania na Ureno Aprili 28, 2025, saa sita na nusu mchana, jua kali, gridi nzima chini. Wa nyuklia wakasema ni jua. Wa jua wakasema ni mitambo mingine. Ripoti ya serikali ya Hispania ya Juni 2025 ilisema volteji ilipanda kupita kiasi, na mitambo ya kawaida iliyokuwa inalipwa kuidhibiti haikuidhibiti ipasavyo. Mwendesha gridi na makampuni wakarushiana mpira. Vinu vya nyuklia navyo vilijitoa, vikahitaji dizeli vijipoze. Kila upande hapa una kipande cha kuchukua.

#35 Sulubu
Nachukua changu: kinu kinachohitaji umeme wa wenzake ili kisidhurike.

#36 Zamu_ya_Usiku
Ndiyo maana kituo cha Zaporizhzhia, Ukraine, kinanikosesha raha kuliko Fukushima. Vinu sita, vimekamatwa na jeshi la Urusi tangu Machi 2022, vyote vimezimwa, na bado vinahitaji kupozwa. Bwawa la Kakhovka lilipobomolewa Juni 2023 wakachimba visima. Umeme wa nje umekatika kabisa mara kadhaa, dizeli zikabeba. Wakaguzi wa kimataifa wanaishi humo ndani, wanaandika ripoti. Mamlaka ya kumwamuru mwenye bunduki hawana. Ni kanuni gani ya usalama ilimwandikia huyo?

#37 Mzee_wa_Kanuni
Mikataba ya Geneva, itifaki ya 1977, kifungu cha 56: mabwawa na vituo vya nyuklia visishambuliwe. Ila soma mpaka mwisho, kina vighairi vyake.

#38 Kijiti
Mods, hii ya vita mkuu #36 afungue uzi wake, nami nihamie huko na kiti changu.